Maziwa ya mama mtoto akiwa nasari: maswali ya akina mama wa Nairobi

Ukurasa huu ni wa mama ambaye mtoto wake amelazwa nasari, yaani wodi ya watoto wachanga wagonjwa na waliozaliwa kabla ya wakati, iwe ni Pumwani, Kenyatta, Mama Lucy, Mbagathi au hospitali ya kibinafsi. Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga hapa Nairobi. Maswali haya nimeulizwa kando ya inkubeta, kwenye chumba cha kukamulia, na kwa simu usiku wa manane. Msimamo wangu nausema mapema ili usome majibu ukiujua: mama si mgeni wa nasari. Maziwa yako na kifua chako ni matibabu, na mtoto anayevikosa bila sababu ya kitabibu amenyimwa tiba.

Hali ya kila mtoto ni tofauti, kwa hivyo unaposoma hapa, endelea kumuuliza daktari na sista wanaomhudumia wako.

Nimejifungua leo asubuhi na mtoto amekimbizwa nasari kabla sijamwona vizuri. Nianze na nini?

Anza kukamua. Ndani ya saa moja ukiweza, na zisipite saa 6. Najua umechoka, pengine umeshonwa, pengine bado una dripu mkononi na hujui hata kama mtoto atapona. Lakini matiti hayasubiri. Kondo la nyuma likishatoka, homoni hubadilika na mwili huanza kazi ya kutengeneza maziwa, na kinachouambia uendelee ni maziwa kutolewa. Mtoto hayupo wa kunyonya, basi mkono wako ufanye kazi yake. Mwambie sista waziwazi, "Nataka kukamua, nionyeshe." Kama hujiwezi baada ya upasuaji, muuguzi anaweza kukukamulia mara ya kwanza huku mama yako au dada yako ameshika kikombe.

Omba pia upelekwe kumwona mtoto, hata kwa kiti cha magurudumu. Ikishindikana, baba aende akampige picha. Ukikamua huku unaitazama picha ya mtoto wako, maziwa hushuka kwa urahisi zaidi, kwa sababu homoni inayoyasukuma nje huitikia unachokiona na kukiwaza.

Nimekamua nusu saa nikapata matone machache tu ndani ya sirinji. Si ni aibu kuyapeleka?

Yapeleke! Hilo ni dang'a, maziwa ya kwanza, na kwa kawaida hutoka kidogo. Siku ya kwanza kupata kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima si jambo la ajabu. Mtoto wa kilo moja huanza kwa kulishwa mililita 1 au 2 kila baada ya saa 2 au 3, kwa hivyo sirinji uliyoionea aibu ni mlo wake kamili.

Wako nyanya ambao bado husema maziwa ya njano ni machafu, yamwagwe hadi yawe meupe. Kwa heshima zote kwa nyanya, hapa tusiwasikize. Rangi ile ni ya maziwa yaliyojaa kingamwili zinazoupaka utumbo wa mtoto na kuzuia vijidudu kupenya. Utumbo wa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, ni mwembamba na haujakomaa, na kuna ugonjwa unaotutisha sana nasari, ambao madaktari huuita NEC: sehemu ya utumbo huvimba, hufa, na hata kutoboka. Watoto wanaolishwa maziwa ya mama huupata mara chache zaidi kuliko wanaolishwa maziwa ya kopo. Isitoshe, mama aliyejifungua mapema hutoa maziwa yenye protini nyingi zaidi kuliko aliyefikisha miezi tisa.

Hata mtoto ambaye bado hajaruhusiwa kula chochote anaweza kupakwa tone moja ndani ya kila shavu. Uliza kama wodi yenu hufanya hivyo. Mara nyingi huwa ni mama mwenyewe anayepaka, na nimeona watoto wakilamba midomo kwa mara ya kwanza maishani wakati huo.

Nikamue vipi kwa mkono?

Nawa mikono kwa sabuni, na kucha pia. Tafuta kikombe chenye mdomo mpana na kifuniko, kilichooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochemka. Keti, inama mbele kidogo. Lisugue titi taratibu, kuanzia karibu na kwapa ukielekea kwenye chuchu, kwa dakika moja au mbili.

Sasa weka kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini yake, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu, mkono ufanye umbo la herufi C. Bonyeza kwanza kuelekea mbavuni. Kisha kutanisha vidole. Kisha achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi, wala visivute chuchu. Wengi wanaolia kwamba kukamua kunauma huwa wanavuta chuchu, na maziwa hayapo pale, yako nyuma yake. Mara za kwanza hutaona kitu. Endelea na mwendo uleule, bila pupa. Baada ya muda tone la njano hujitokeza kwenye ncha, zito, halianguki. Mwenzako alinyonye kwa sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano kabla halijateremka na kupotelea kwenye ngozi. Halafu la pili.

Mkondo ukipungua, hamisha vidole: kutoka juu na chini, viwe kushoto na kulia, ili pande zote za titi zitoe. Badilisha titi kila baada ya dakika 3 hadi 5, kisha rudi kwenye la kwanza. Kwa jumla ni dakika 20 hadi 30.

Mara ngapi kwa siku? Na usiku lazima niamke?

Mara 8 hadi 10 kwa saa 24, na usiku lazima, angalau mara moja. Homoni inayotengeneza maziwa huwa juu zaidi usiku, kwa hivyo mama anayelala kuanzia saa nne hadi alfajiri huona maziwa yakipungua baada ya siku chache na asijue sababu. Weka kengele kwenye simu. Baada ya hapo lala, na mchana ulale tena kila upatapo nafasi.

Lengo ni kufikia karibu nusu lita kwa siku mtoto anapotimiza wiki mbili, hata kama yeye anakula mililita 60 tu. Ziada itakaa kwenye friji. Wiki hizi mbili ndizo mwili unapojifunza kiasi cha kutengeneza. Ni kama mama mboga: asipouza sukuma leo, kesho hachukui mzigo mkubwa Marikiti.

Sina pampu. Ninunue?

Si lazima. Siku za mwanzo mkono hutoa dang'a vizuri kuliko mashine. Ukipata ya umeme yenye kukamua matiti yote mawili kwa pamoja, itakupunguzia muda. Zile ndogo zenye mpira wa kubonyeza nyuma sizipendekezi, kwani kuusafisha ule mpira ndani ni kazi isiyowezekana.

Maziwa yalikuja vizuri, sasa yamepungua. Ninywe nini?

Kwanza tuangalie chanzo. Umeruka vipindi vya kukamua? Mtoto alipata shida usiku ukalia hadi asubuhi? Unashinda kwenye benchi la nje bila chakula? Una damu kidogo, ulitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, au kuna kipande cha kondo kilichobaki ndani? Presha ya mimba, kisukari na upasuaji pia vinaweza kuchelewesha maziwa kushuka kwa siku kadhaa. Mengine kati ya hayo yanahitaji daktari, kwa hivyo yaseme.

Kisha ongeza idadi ya vipindi. Kwa siku mbili tatu, jaribu saa moja ya kukamua kwa mafungu kila jioni: kamua dakika 20, pumzika 10, kamua 10, pumzika 10, kamua 10. Na mweke mtoto kifuani kisha kamua mara tu baada ya hapo, au hata akiwa bado amelala juu yako. Hakuna kinachorudisha maziwa haraka kuliko hilo.

Kuhusu njahi, uji wa wimbi, supu ya mifupa na chai ya maziwa: kula na kunywa, kwa sababu mama anayekamua huona njaa na kiu kuliko kawaida, na chakula cha moto kilicholetwa na mtu anayekupenda ni jambo kubwa. Ila njahi sufuria nzima haitaleta maziwa kama titi halikamuliwi. Dawa za kienyeji za kuongeza maziwa ziache hadi daktari azijue, kwani zinapita hadi kwa mtoto ambaye ini na figo zake bado changa.

Mimi nimeruhusiwa kwenda nyumbani, mtoto amebaki. Nitafikishaje maziwa hospitalini?

Kabla ya hapo, uliza kama hospitali ina mahali pa akina mama kulala. Ukiweza kubaki, baki. Hata kitanda cha kubanana kina faida kuliko matatu mbili asubuhi na mbili jioni ukiwa na mshono.

Kama lazima urudi nyumbani, mpango ni huu. Maziwa uliyokamua yanakaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Nairobi hiyo si shida Julai, lakini nyumba ya mabati saa nane mchana mwezi wa pili hupita hapo kwa mbali, kwa hivyo usitegemee meza. Kwenye friji maziwa hudumu hadi siku 4, ingawa kwa watoto wa nasari wodi nyingi hutaka yatumike ndani ya saa 48. Kwenye friza nzuri hudumu miezi 3. Huna friji? Jirani mwenye duka la soda anaweza kukuwekea kikopo ndani ya mfuko safi uliofungwa vizuri. Jambo hili nimeliona likifanyika Kayole na Dandora, na wenye maduka hukubali wakielezwa ni ya nini.

Njiani, tumia kibebeo cha baridi au kopo lenye kifuniko lililozungukwa na barafu ndani ya mfuko mzito. Andika jina lako, namba ya mtoto, tarehe na saa uliyokamua, kwa kalamu isiyofutika. Jam ya Jogoo Road ikikushika saa nzima, barafu itakuokoa. Stima ikipotea usiku, usifungue friji ovyo.

Maziwa yaliyoganda yayeyushwe ndani ya friji na yatumike ndani ya saa 24, au kwenye bakuli la maji vuguvugu na yatumike ndani ya saa 2, yasirudishwe kuganda. Yasichemshwe, wala yasitiwe kwenye maikrowevu. Mafuta yakipanda juu, zungusha kopo polepole. Hayajaharibika.

Mbona mtoto wangu anapewa mililita 2 tu wakati mimi nina kikombe kizima?

Kwa sababu utumbo wake unafundishwa kazi. Kiasi kinaongezwa kila siku kulingana na tumbo linavyovumilia, na mengine anayohitaji hupitia kwenye mshipa. Tumbo likivimba, akitapika kijani au akitoa kinyesi chenye damu, chakula husimamishwa kwa muda. Ikitokea hivyo, wewe usisimame. Endelea kukamua na kuhifadhi.

Wakati mwingine, hasa akiwa chini ya kilo 1.5, daktari huagiza maziwa yako yachanganywe na unga wa kuyaimarisha, wenye protini, kalsiamu na fosforasi. Hilo halimaanishi maziwa yako ni hafifu. Mtoto huyu alipaswa kuwa bado tumboni akipokea madini kwa kasi ambayo maziwa pekee hayawezi kuifikia.

Atanyonya lini mwenyewe?

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio ni ustadi unaokomaa kati ya wiki ya 32 na ya 34 ya mimba. Kabla ya hapo mtoto hulishwa kwa mrija mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni. Lakini anaweza kufanya mazoezi mapema. Kamua titi hadi liishe, kisha mweke alambe na kunusa chuchu huku maziwa yakipita kwenye mrija. Tumbo linajaa wakati mdomo unanusa mama, naye anajifunza kwamba vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja.

Baadaye huja kikombe. Kile kidogo, si chupa. Mtoto ameketi wima kwenye mkono wako, ukingo wa kikombe unagusa mdomo wa chini, maziwa yanafika kwenye midomo tu. Usimwagie! Yeye mwenyewe atatoa ulimi na kulamba, kisha apumzike, kisha alambe tena. Mlo mmoja unaweza kuchukua nusu saa na robo yake kumwagika kwenye nepi iliyo kidevuni, na bado ni mlo mzuri. Chupa tunaiepuka kwa sababu ni vigumu kuisafisha, na njia ya kunyonya chuchu ya plastiki si ile ya kunyonya titi.

Titi lenyewe hufuata, kwanza mara moja kwa siku, kisha zaidi. Atalala katikati. Atasahau. Mguse kidevu, bana titi kidogo ili maziwa yatiririke, mpe muda. Usiruhusu mtu akwambie baada ya siku mbili kwamba "amekataa titi".

Kangaruu ni nini, na ni salama kweli kwa mtoto wa kilo moja na mirija kila mahali?

Ni mtoto kukaa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, kwa saa nyingi. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, ambapo daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko inkubeta na maambukizi yalikuwa yakiwaua. Aliwakabidhi mama zao. Kwa miaka mingi watu waliichukulia kama njia ya hospitali maskini. Sivyo. Utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani nchini Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, uliwaweka watoto wa kati ya kilo 1 na 1.8 kifuani mwa mama mara baada ya kuzaliwa, kabla hata hali zao hazijatulia. Vifo katika siku 28 za mwanzo vilipungua kwa robo, wakilinganishwa na wale waliotulizwa kwanza kwenye inkubeta. Mwaka 2022 shirika hilo likapendekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo na iendelee saa 8 hadi 24 kwa siku.

Kwa hivyo jibu ni ndiyo, ni salama, hata kwa mtoto mwenye mrija wa kulishia na mara nyingi hata anayesaidiwa kupumua kwa hewa ya puani. Anayehitaji uangalizi wa pekee, kwa mfano aliye na mshtuko au aliyetoka upasuaji, atasubiri. Ukikataliwa, uliza sababu. Kuna wodi moja niliyofanya kazi ambako akina mama waliruhusiwa saa moja tu mchana kwa madai ya nafasi, na viti vya plastiki vilikuwa vimerundikwa kwenye kona ya korido. Bado inaniuma nikikumbuka.

Namna ya kufanya: nguo ya juu ivuliwe au ifunguliwe, sidiria itolewe. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya matiti, kifua chake kwenye kifua chako, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeukia upande mmoja na kidevu kimeinuliwa kidogo ili njia ya hewa isizibike. Hakikisha unaiona pua yake. Funga leso imara, ukingo wake ufike chini ya sikio lake, kisha vaa sweta juu. Leso mbili za pamba kutoka Gikomba zinatosha, moja ikifuliwa nyingine inavaliwa. Keti umeegemea, usilale chali kabisa. Kaa angalau saa moja kila mara, kwa sababu kumtoa na kumrudisha kunamchosha.

Utaona jambo ambalo mashine haiwezi. Alama ya oksijeni iliyokuwa ikipanda na kushuka hutulia. Mikono inayotapatapa hukunja ngumi chini ya kidevu na kulegea. Kifua chako huongeza joto akipoa.

Naogopa kumgusa. Kusema kweli, sihisi kama ni wangu.

Asante kwa kulisema, kwa sababu wengi hulificha. Umemwona kwa vipande: mguu hapa, plasta pale, uso umefunikwa. Mama aliyepigwa na hofu ya kumzika mtoto hujizuia kumpenda, na hiyo si ubaya wa moyo. Mapenzi haya huja kwa kumhudumia.

Anza kwa mkono mmoja uliotulia kichwani na mwingine kwenye nyayo. Usimpapase kwa kumgusagusa juujuu, ngozi yake inawashwa na mguso mwepesi. Mkono mzito kidogo, usiosogea, ndio unaomtuliza. Zungumza naye. Sauti yako aliisikia tumboni na anaitambua. Mwimbie ulichokuwa ukiimba ukifua nguo, au msalie. Mbadilishe nepi wewe. Mshikie mrija wakati maziwa yanashuka. Jifunze lugha yake: akitanua vidole vyote, akipiga kwikwi, akibadilika rangi, anasema ametosheka. Ukimwona ametulia na macho yako wazi, ndio wakati wa kuongea.

Lakini kama wiki mbili zimepita na bado unalia kila siku, hulali hata ukipewa nafasi, huli, au unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, mwambie daktari leo hii. Huo ni ugonjwa unaotibika, na mama wa watoto njiti huupata zaidi ya wengine.

Baba anaweza kufanya kangaruu? Na nyanya?

Ndiyo, kwa wote wawili, wakiwa wasafi na hawana mafua wala kikohozi. Mapacha wanahitaji vifua viwili, au wote wawili juu yako wakifungwa vizuri. Baba mwenye nywele kifuani asiwe na wasiwasi.

Ninaishi na VVU. Maziwa yangu yanafaa?

Yanafaa. Mwongozo wa Kenya ni kwamba mama anayetumia dawa zake kila siku anyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi 6, kisha aendelee akiongeza vyakula. Mtoto naye hupewa dawa za kumkinga, na kupimwa kwake huanza akiwa na wiki 6. Muhimu ni kiwango cha virusi kishuke hadi kisionekane, kwa hivyo usiruke dawa hata siku moja katika pilikapilika za nasari. Kuchanganya maziwa ya kopo na ya mama katika miezi hiyo, kwa hofu tu, hakumsaidii. Na una haki jambo hili lizungumzwe faraghani, si mbele ya kitanda cha jirani.

Na dawa za presha au maumivu?

Parasetamoli, nifedipini, methildopa na enalaprili hutumiwa na wanaonyonyesha. Onyesha daktari wa mtoto kila dawa unayomeza. Pombe, sigara na muguka viache kabisa.

Sina maziwa ya kutosha bado. Benki ya maziwa inafanyaje kazi?

Benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya ilifunguliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani mwaka 2019. Mama mwenye ziada hujitolea bila malipo, hupimwa VVU, homa ya ini ya B na kaswende, na maziwa hupashwa moto wa nyuzi 62.5 kwa dakika 30, kisha hupozwa na kupimwa kama yana vijidudu. Hutolewa kwa watoto wadogo na wagonjwa ambao mama zao bado hawana maziwa, wamelazwa mahututi au wamefariki. Ni daraja hadi yako yaje, kwani joto lile hupunguza sehemu ya kinga. Kwa hivyo mtoto akipewa, wewe endelea kukamua.

Waislamu wa Eastleigh na Majengo huniuliza kuhusu undugu wa kunyonya, yaani watoto walionyonya maziwa ya mama mmoja kuhesabiwa ndugu wasioweza kuoana, na swali hilo lina uzito. Wanazuoni hawajaafikiana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilizikataza benki hizi mwaka 1985, ilhali Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti liliruhusu mwaka 2004 watoto njiti wapewe maziwa hayo panapohitajika. Zungumza na imamu unayemwamini, na umweleze daktari mapema ili uamuzi usifanywe usiku wa dharura.

Mama wa kitanda cha pili akijitolea kukupa yake moja kwa moja, mshukuru, lakini usikubali kabla ya vipimo.

Ndugu zangu wananunua maziwa ya kopo waje nayo. Nikatae?

Mwachie daktari aamue. Yana wakati wake: maziwa ya mama yakikosekana na ya benki yakikosekana, kuna ya kopo maalumu kwa watoto njiti. Ila kopo la kununuliwa kwa wasiwasi tu linapunguza kukamua, na maziwa yanafuata. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza kuyatangaza na kugawa sampuli za bure kwa akina mama. Mtu akikupa sampuli ndani ya wodi, ana faida yake. Waambie ndugu watume nauli kwa M-Pesa. Itafanya kazi zaidi.

Likizo yangu inaisha na mtoto bado hajatoka. Nina haki gani?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa miezi 3 yenye malipo kamili, na baba wiki 2. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamulia. Choo hakihesabiki. Mwandikie mwajiri mapema, ukiambatisha barua ya daktari, uombe siku za likizo ya mwaka ziunganishwe. Kwa mama anayeuza kibandani hakuna sheria ya kumlinda, na hilo ni pengo ambalo hatupaswi kulizoea.

Mtoto wangu amefariki na maziwa bado yanatoka. Nifanye nini?

Pole sana, mama. Usiyafunge matiti kwa nguvu, utapata uvimbe. Vaa sidiria inayoshika vizuri, tumia kitambaa baridi, na ukihisi matiti yamekaza kamua kidogo tu, kiasi cha kupata nafuu, ukirefusha muda kati ya vipindi. Yatakauka taratibu katika siku hadi wiki kadhaa. Homa au titi jekundu lenye maumivu, rudi hospitalini. Wako wanaoendelea kukamua kwa muda na kuchangia benki, na wako wasioweza kabisa. Yote mawili ni sawa.

Tunaruhusiwa kurudi nyumbani. Nichunge nini?

Endelea na kangaruu nyumbani hadi mtoto mwenyewe aanze kujinyonganyonga na kuikataa, mara nyingi akikaribia kilo 2.5. Mnyonyeshe kila baada ya saa 2 au 3 hata kama amelala, kwani watoto hawa hulala kupita njaa yao. Mpe matone ya vitamini na madini ya chuma kama ulivyoelekezwa. Usikose siku ya kupimwa uzito, na chanjo zihesabiwe kuanzia alipozaliwa. Wageni wanawe mikono, na mwenye kikohozi asubiri mlangoni.

Mrudishe hospitalini mara moja, usingoje asubuhi, akikataa kunyonya, akilegea, akiwa baridi au akiwa na joto la nyuzi 37.5 na kuendelea, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au mbavu zikizama, akiacha kupumua au midomo ikiwa ya buluu, akipata degedege, viganja na nyayo zikiwa za njano, tumbo likivimba, au akitapika kijani. Njiani mfunge kifuani, ngozi kwa ngozi, usimbebe mikononi.